Mguu wa Kumi na Tisa

Chipu ya zamani ilikuwa na miguu mirefu iliyojitokeza pembeni, na mtu mwenye macho mazuri aliweza kuihesabu yote ishirini na minane bila miwani. Mzee Mfaume aliipendea hilo. Kwa miaka minane yeye na Yustina walikuwa wakiichomelea kwenye bodi za vipimajoto vyao, moja moja, kwa mkono, katika duka lao nyuma ya soko la Tabora. Hapohapo babu yake Mfaume alitengeneza kufuli na bunduki za watu wa misafara, baba yake akatengeneza cherehani, naye mwenyewe akaanza na redio.

Vipimajoto hivyo vilikuwa vya mabani ya tumbaku, vile vyumba vya matofali vya kukaushia majani kwa moto. Mkulima alikitundika kifaa ukutani nje ya bani, akapenyeza waya wa kupimia mpaka ndani, katikati ya fito zilizofungwa majani, kisha akakichomeka kwenye chaja ya sola. Kioo kilimwonyesha joto. Joto likipita mpaka wake king'ora kililia, na aliyekuwa karibu alikimbia kuvuta kuni kutoka kwenye tanuri kabla jani kavu halijaangukia bomba la moto. Katika hayo yote chipu ile haikuwa na kazi. Yenyewe ilikuwa mkalimani tu: mwisho wa msimu mtu wa chama cha msingi cha wakulima alichomeka waya wa USB kwenye kompyuta, chipu ikakifanya kifaa kieleweke, na joto la kila dakika likasomeka.

Kisha kiwanda kikaacha kuitengeneza. Yustina aliagiza za akiba kutoka Dar es Salaam, akaletewa za kughushi, kompyuta ikazikataa zote. Hata zile halisi zilizobaki hazikuelewana vizuri na kompyuta mpya za chama. Hapakuwa na namna ila kuhamia chipu mpya ya kiwanda kilekile.

Hiyo mpya ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa mtoto, na miguu yake ilikuwa tumboni. Mzee Mfaume aliiweka chini ya lenzi, akaigeuza kwa ncha ya sindano, ikamponyoka.

"Hii si ya mikono yangu tena," alisema. "Hii ni yako, binti."

Yustina alikuwa na miaka thelathini na sita. Alisomea umeme chuoni Dar, akarudi nyumbani Cheyo, hapohapo Tabora, kumuuguza baba yake, na baba alipofariki hakuona sababu ya kuondoka tena. Alikuwa fundi mwangalifu, wa kupima mara tatu kabla ya kukata. Mwezi mzima wa Novemba alikaa anachora bodi upya. Kiwanda kilikuwa kimetoa mchoro wa mfano wa namna ya kuitumia chipu, naye akaufuata mstari kwa mstari.

Kulikuwa na mguu mmoja, wa kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kutoa taarifa kwamba hakuna kompyuta upande wa pili wa waya, basi na tulale. Chipu ya zamani nayo ilikuwa na mguu kama huo, lakini Mzee Mfaume tangu mwanzo aliuacha hewani, haukushikana na kitu. Katika mchoro wa kiwanda mguu huo uliunganishwa na swichi inayolisha umeme chipu kuu, ile inayopima joto na kuamuru king'ora. Yustina alisita hapo kidogo. Kisha akasema moyoni kwamba waliotengeneza chipu wanaijua kuliko yeye, akauunganisha.

Januari mabani yalipoanza kuwashwa, alikipeleka kifaa cha kwanza Usoke, kwa mkulima aitwaye Anton Bundala, kukijaribu kwa wiki nzima ya ukaushaji. Alikaa hapo siku zote saba. Kompyuta yake ilikuwa juu ya stuli chini ya kibanda cha kuni, imeunganishwa na kifaa kwa waya, ikiandika joto kila dakika, naye hakuiondoa hata mara moja kwa sababu alitaka kuona kila kitu. Mama yake Anton, Magreth, alimletea karanga za kuchemsha na kukaa naye. Alikuwa na miaka sabini na moja, na arobaini kati ya hiyo alikuwa ameimba katika kwaya ya Kanisa la Moravian. Mwimbaji akikosea sauti mstari wa nyuma, yeye ndiye aliyegeuka.

"Hiki kitu chako kikilia, nitakisikia hata nikiwa kisimani," alimwambia Yustina, na kweli kilipojaribiwa alikuja mbio kutoka kisimani akicheka.

Aliporudi mjini, Mzee Mfaume alimuuliza swali moja tu.

"Umekijaribu bila kompyuta?"

"Nimekijaribu."

Haukuwa uongo. Kabla ya kwenda Usoke alikuwa amekichomeka kwenye chaja hapo dukani, akakipasha joto, kikalia. Dakika kumi. Wiki ya pili ya Februari vifaa vingine sitini viligawiwa kwa wakulima; kile cha kwanza kilibaki kwa Anton.

*

Bani la Anton liliungua Jumapili moja ya Machi, kwenye saa tano asubuhi.

Anton, mkewe na watoto walikuwa kanisani. Magreth alibaki, goti lilikuwa likimsumbua, na bani lilikuwa katika siku zake za mwisho, zile za joto kali la kukausha vikonyo vya majani. Alikaa mlangoni pa jiko akibangua karanga, hatua kama thelathini kutoka kwenye bani. Mara mbili aliinuka kwenda kutazama kioo. Mara zote mbili kilisoma sitini na sita, akarudi kukaa ametulia. Alichokiona baadaye ni moshi. Alifungua mlango wa bani, hewa ikaingia, na badala ya kukimbia akaanza kuvuta fito nje kwa mikono yake. Majirani walimtoa kwa nguvu. Watu walipofika kutoka ibadani paa lilikuwa limeshaanguka.

Yustina alipata habari kwa simu kutoka kwa Octavian, katibu wa chama.

"Yule mama alilala," Octavian alisema. "Au masikio yamezeeka. Anasema hakusikia king'ora hata kidogo. Mikono yake, fundi, usiombe kuiona."

"Na kifaa?"

"Kimepona. Kilikuwa ukutani upande wa pili. Kimeshika moshi tu."

Kililetwa kesho yake, Jumatatu, na kondakta wa basi, kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa unga. Yustina alikifuta masizi, akakichomeka kwenye kompyuta, akafungua kumbukumbu zake.

Jumapili, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kifaa kilikuwa kimechomolewa na kuchomekwa tena. Bila shaka Anton alichaji simu yake kabla ya kwenda kanisani. Joto la sitini na tano. Sitini na sita. Sitini na sita. Kumbukumbu ziliishia saa moja na dakika hamsini na tano. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Alirudi nyuma, Jumamosi. Dakika kumi na tano, kisha kimya. Ijumaa, vilevile. Kila kilipochomekwa kwenye chaja, kifaa kilifanya kazi robo saa, kikingoja kompyuta iliyokuwa haipo, kisha kikalala. Kioo kilikuwa na umeme wake, kwa hiyo kilibaki kinawaka, kikionyesha namba ya mwisho. Mchoro ulikuwa ukutani mbele yake. Hakuhitaji kuutazama.

Alimpigia Octavian papo hapo. "Vifaa vyote vipya virudi. Leo hii waambie watu wasivitegemee, wakae wenyewe kwenye mabani."

"Kuna ubaya gani?"

Yustina alikichomoa kile kifaa kwenye kompyuta. "Ni maboresho tu," alisema.

"Sawa. Maana hapa watu wameshaanza kuulizana. Lakini hata Anton mwenyewe anasema ni mama."

*

Siku tisa zilipita. Vifaa vilirudi kwa mafungu, ndani ya maboksi na vikapu, vikinuka tumbaku. Yustina alikata kwa kisu njia ya shaba iliyotoka kwenye mguu wa kumi na tisa, mkwaruzo mmoja mdogo kwenye kila bodi, na kila kifaa alichokikata kilikaa kwenye chaja siku tatu mfululizo bila kulala. Kukata bodi moja kulimchukua chini ya dakika. Hakuna mtu mwingine Tabora nzima aliyejua kusoma kumbukumbu zile. Angeweza kuzifuta kwa kubonyeza mara moja. Hakuzifuta, lakini pia hakumwambia mtu. Kila asubuhi alisema ataenda Usoke, na kila asubuhi alikuta bodi nyingine ya kukata.

Siku ya nane Mzee Mfaume alivuta kigoda akaketi mkabala naye.

"Kile cha Anton kiko wapi?"

Yustina alikitoa kwenye droo. Mzee hakukigusa.

"Kilikuwa kimelala," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Umejuaje?"

"Unakata mguu ambao mimi niliuacha hewani. Nikakumbuka kwa nini niliuacha." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Nilikuuliza kama umekijaribu bila kompyuta. Sikukuuliza kwa muda gani. Na mimi nimo."

"Wewe humo, mzee. Wewe uliuacha hewani."

"Bila kukueleza sababu." Alivaa miwani tena. "Yule mama anajua?"

Yustina alitikisa kichwa.

"Wanasema nini juu yake?"

"Kwamba alilala. Kwamba hasikii."

Mzee Mfaume aliinuka polepole, akishika meza. "Usimwandikie barua," alisema. "Wala usimpigie simu. Nenda."

*

Alifika Usoke Jumatano saa nne asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imeyalowesha majivu ya bani yakawa tope jeusi, na mabomba ya bati yalikuwa yamepinda katikati ya kuta nne zisizo na paa. Anton alikuwa akitenganisha matofali mazima na yaliyopasuka. Alisalimia bila kuacha kazi.

"Nimekuja kumwona mama," Yustina alisema.

"Yuko jikoni. Ongea kwa sauti kubwa."

Magreth alikuwa peke yake kwenye mkeka, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka juu ya viwiko. Alikuwa amepungua. Yustina alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kinyamwezi.

"Marahaba." Aliitika upesi, kisha akaonekana kama mtu aliyejisahau. "Sogea karibu, mwanangu, masikio yangu yamekufa. Hata kwaya nimewaachia. Nitaimbaje nisichokisikia?"

"Umenisikia sasa hivi."

"Nimekuona mdomo."

Mke wa Anton aliingia na jagi la maji, akamwinamia mkwewe na kumpigia kelele sikioni kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Magreth alifumba macho kwa maumivu ya kelele ile, lakini hakusema kitu. Alipotoka, kikongwe alieleza kwa sauti ya chini kwamba siku hizi hawamwachii hata mtoto mdogo. Anton amekataza, asije mtoto akalia na bibi asisikie.

"Mama," Yustina alisema, "king'ora hakikulia. Kifaa kilikuwa kimelala. Kosa ni langu, nilikiunganisha vibaya. Masikio yako hayana kitu."

Magreth alimtazama mdomo mpaka alipomaliza. Kisha akatabasamu kwa huruma, na tabasamu hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

"Umekuja kutoka Tabora kuja kunidanganya ili nipate usingizi," alisema. "Mungu akubariki. Lakini nilikitazama kwa macho yangu, mara mbili. Kilikuwa kinawaka. Kilikuwa kinasema sitini na sita."

Yustina aliinuka. Alitoka nje, akamwomba Anton aje, akamwomba na mkewe. Alikiweka kile kifaa chenyewe, kilichoshika moshi, juu ya tofali karibu na kuta za bani, mahali pake pa zamani. Akaomba sufuria ya maji ya moto. Akamwomba Magreth akae mlangoni pa jiko, palepale alipokuwa Jumapili ile ya moto, lakini awape mgongo.

Kwanza alikiunganisha na kompyuta. Akangoja dakika ishirini, wote wakiwa wamesimama, Anton akitazama jua. Kisha akatumbukiza waya wa kupimia kwenye maji. King'ora kililia. Hatua thelathini kutoka hapo, bila kugeuka, Magreth aliinua mkono wake mmoja uliofungwa bendeji.

"Nimekisikia!" alisema, kwa mshangao. "Kile pale. Nimekisikia."

Yustina alikichomoa, akachemsha maji upya, akakichomeka kwenye chaja ya sola ya Anton. Namba ikatokea kwenye kioo: ishirini na nne. Wakangoja tena dakika ishirini. Treni ya mizigo ilipita kuelekea Urambo, ikatoweka. Yustina akatumbukiza waya kwenye maji yanayotokota.

Kioo kilisema ishirini na nne. Hapakuwa na sauti yoyote.

Mlangoni pa jiko Magreth alikuwa amekaa mbele kidogo, shingo imenyooka, akisikiliza kwa mwili mzima. Mwishowe aligeuka.

"Mbona hamkiwashi?"

"Kimewashwa, mama," Yustina alisema. "Waya uko ndani ya maji. Hivi ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile."

Anton alisogea, akainama juu ya kioo. Alizamisha kidole chake kwenye sufuria, akakitoa haraka, akaitazama tena ile namba. Aliposimama wima uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umejua lini?"

"Jumatatu. Siku kilipoletwa."

"Jumatatu hii?"

"Iliyopita."

Anton alihesabu kimoyomoyo; midomo yake ilionekana ikicheza. "Siku tisa," alisema. "Siku tisa mama yangu anakula peke yake jikoni. Mimi nimemwambia mbele ya watu kwamba ameniua. Mbele ya mchungaji nimesema hivyo." Sauti yake haikupanda. "Ungekuja Jumanne nisingekuwa nimeyasema ya Alhamisi. Fungasha vitu vyako, fundi."

"Kaka Anton, nilitaka kwanza..."

"Fungasha."

Alikwenda zake nyuma ya kuta za bani, na mkewe akamfuata. Yustina alikusanya waya zake. Alimwendea Magreth kumuaga, akapiga magoti kwenye udongo, akafungua kinywa kuomba msamaha.

"Usiniombe leo," kikongwe alimkatiza. Machozi yalikuwa yakimtoka bila kilio, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Kwa hiyo sikulala."

"Hukulala."

"Nilijua sikulala. Walivyosema sana, na mimi nikaanza kuamini." Akatazama upande alikokwenda mwanawe. "Mikono inaniuma, mwanangu. Hayo mengine tutaongea ikipona."

*

Yustina aliandika taarifa kwa chama, kurasa mbili, akaeleza kila kitu na kutia sahihi. Chama kikavunja makubaliano na duka. Vifaa sitini vilivyosahihishwa vilikaa kwenye rafu. Hakuna mkulima aliyevitaka, na Yustina hakumlaumu hata mmoja wao. Mzee Mfaume aliendelea kuja dukani asubuhi kwa wiki chache, akisoma gazeti, kisha akaacha kuja.

Mikono ya Magreth haikupona. Wa kulia ulifunga ngozi ila haukukunjika kushika kitu, na vidole vitatu vya kushoto viligandamana, na mwezi wa Mei kidonda kikaoza. Walimleta hospitali mjini Tabora. Anton alikuwa na mahindi shambani ya kuokoa na hakuweza kukaa. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga. Ni Octavian aliyempigia Yustina kumwambia kwamba mama yuko wodini peke yake, na kwamba Anton anajua anampigia, na hajakataza.

Vidole viwili vilikatwa Jumanne. Kuanzia siku hiyo Yustina alikwenda kila asubuhi na chupa ya uji. Hawakuzungumza mengi. Magreth alimuuliza mara moja kama ana watoto, akajibu hana. Siku nyingine alimuuliza jina la ile chipu, Yustina akalitaja, herufi na tarakimu zake, na kikongwe akatikisa kichwa kwamba si jina la kukumbukika. Msamaha hakuna aliyeugusa tena. Yustina alingoja siku ya kwanza, na ya pili, kisha akaacha kungoja, akawa anakuja tu.

Ijumaa uji ulikuwa wa moto. Magreth hakupenda kulishwa. Kila kijiko alikipokea kama deni.

"Taratibu," alisema.

Yustina alipuliza kijiko, akakijaribu kwa mdomo wake mwenyewe, akakipeleka tena. Magreth alifungua kinywa, macho ameyaelekeza dirishani.